Vitabu Vikongwe Ndani ya Majalada Mapya: Imani, Elimu na Sheria Katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Msomaji mpenzi, huenda nawe umewahi kukutana na kisa kama hiki. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniletea ripoti ya utafiti wa nyanjani kuhusu fasihi simulizi ya jamii yake. Ripoti ilikuwa safi, hati nzuri, kurasa nane. Tatizo lilikuwa kwamba katika ripoti nzima Wakipsigis waliitwa "Walumbwa", na waliosimuliwa humo walikuwa watu wa wakati uliopo: wanaishi hivi, wanaamini vile, wanahukumiana namna hii. Nilipomwuliza alimhoji nani, alifungua mkoba akatoa kitabu chenye jalada linalong'aa. "Ni kipya, mwalimu," akasema. "Binamu yangu ameniletea kutoka Nairobi." Nilikifungua. Karatasi zilikuwa nyeupe pe, lakini maneno yaliyochapwa juu yake yalikuwa yamepita miaka mia moja.

Kabla sijamkosoa, nilijikumbuka. Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha, mimi mwenyewe niliwahi kuliambia darasa kwamba Wakipsigis wa kale "waliabudu jua". Nilikuwa nimelisoma hilo katika kitabu cha aina hiyo hiyo. Siku ya wazazi mzee mmoja alinivuta kando akaniambia kwa upole, "Mwalimu, Asis si lile jua unaloliona. Jua ni lake." Sina hakika kama wanafunzi wale walipata kusikia marekebisho yangu wote. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuhama shule.

Nia ya makala haya basi ni kukusaidia wewe mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, kuvisoma vitabu vya aina hii bila kudanganywa navyo. Kwanza tutaeleza maana ya kuchapisha upya. Pili, tutapitia vitabu vya imani, vya elimu na vya sheria vinavyohusu eneo letu la Kericho na Bomet, pamoja na vile vya Kiswahili vinavyofanana navyo. Tatu, tutapendekeza maswali manne ya kuviulizia.

Kuchapisha upya ni nini?

Si kila kitabu kikongwe kinachorudi madukani kinarudi kwa njia moja. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya wasomi. Kitabu hupewa utangulizi mpya unaomweleza msomaji kiliandikwa lini, na nani, na kina upungufu gani. Kwa mfano, kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi, The Nandi, kilichotolewa Oxford mwaka 1909, kilichapishwa upya mwaka 1969 kikiwa na utangulizi mpya wa G. W. B. Huntingford. Vivyo hivyo Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa kwanza na misheni huko Magila, kilirudi mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen.

Njia ya pili ni ya mashirika ya uchapishaji ya Afrika Mashariki, ambayo yalivirudisha vitabu vya zamani kwa ajili ya shule na vyuo. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka London mwaka 1934, kiliwafikia wasomaji wengi kwa njia hii.

Njia ya tatu ndiyo iliyomletea mwanafunzi wangu kitabu chake. Hapa hakuna mhariri. Nakala ya maktaba hupigwa picha kwa mashine, ikapewa jalada jipya, na kuchapwa moja moja kadiri wanunuzi wanavyoagiza. Jambo hili ni halali pale haki ya mwandishi inapokuwa imekwisha. Nchini Kenya haki hiyo hudumu kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Hata hivyo, mashine haina habari ya Kinandi wala Kikipsigis. Alama za sauti hupotea, kurasa hukosekana, na mara nyingine mwaka wa toleo la kwanza hauonekani popote. Kitabu cha mwaka 1909 hubaki na tarehe ya juzi tu.

Sikatai kwamba njia hii ina faida. Zamani, mwalimu wa Bomet aliyetaka kumsoma Hollis alilazimika kusafiri hadi Nairobi na kuomba ruhusa ya maktaba. Leo anaweza kuwa naye mezani. Swali ni atamfanya nini akishampata.

Vitabu vya imani: kutafuta neno

Wamisionari waliandika sana, tena kwa sababu ya wazi: waliotoa sadaka kule kwao walitaka kusikia habari. Kwa hiyo kitabu cha mmisionari kina msikilizaji wake maalumu, na msikilizaji huyo hakuwa wewe.

Katika eneo letu jina la kukumbuka ni Willis Hotchkiss, Mmarekani. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa Ukambani. Mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Marafiki huko Kaimosi, na miaka michache baadaye akaja upande wa Kericho akaanzisha misheni iliyoitwa Lumbwa Industrial Mission, iliyochanganya Injili na kilimo na kazi za mikono. Vitabu vyake viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi. Cha kwanza, Sketches from the Dark Continent, ni cha mwaka 1901. Cha pili, Then and Now in Kenya Colony, ni cha mwaka 1937.

Tazama hiyo miaka kwa makini. Mtu wa Kericho akinunua kile cha 1901 kwa kuwa mwandishi wake "alikuwa mmisionari wetu", atakuta kinazungumzia Ukambani. Hotchkiss alikuwa hajawafikia Wakipsigis bado. Kosa dogo kama hili laweza kuharibu mradi mzima wa utafiti.

Lakini kitabu hicho kina jambo moja ambalo mwalimu wa lugha hafai kulipita. Hotchkiss anasimulia jinsi alivyohangaika kwa muda mrefu akitafuta neno la Kikamba la "Mwokozi", asilipate kwa kuuliza, hadi alipolisikia katika mazungumzo ya kawaida ya mtu aliyekuwa akieleza mkasa wa hatari. Hilo ni somo la isimu na la tafsiri. Neno halikukosekana katika lugha. Lilikosekana katika swali la mgeni. Unapowafundisha wanafunzi mbinu za kukusanya data nyanjani, waambie habari hiyo. Atakayeuliza moja kwa moja "nipe methali" hupewa mbili au tatu, lakini atakayekaa wakati wazee wanapatanisha ndugu huondoka na daftari lililojaa.

Kiswahili nacho kilipitia njia hiyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikatolewa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870. Wote wawili walikuwa watu wa dini, na kazi zao zimechapishwa upya mara kadhaa. Krapf alichota Kimvita, Steere akachota Kiunguja, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kamusi ya Krapf iligeuka ghafla kuwa hazina ya upande mmoja. Mtahiniwa anayetoa neno kwa Krapf na kuliita sanifu atakosolewa, na atakosolewa kwa haki.

Kuhusu Asis, kosa langu la zamani lilikuwa la aina ile ile. Jina hilo lina uhusiano na jua, na wageni wengi waliosikia hivyo waliandika kwamba wenyeji huabudu jua. Ni kama mgeni amsikie Mswahili akisema "mbingu zinajua" aondoke akiandika kwamba Waswahili huabudu mawingu. Tamathali ya usemi iligeuzwa kuwa imani. Sisi walimu wa fasihi, ambao kazi yetu ni kutofautisha lugha ya mafumbo na lugha ya kawaida, tungepaswa kuwa wa kwanza kulinasa kosa hili. Waama, mimi nilikuwa wa mwisho.

Vitabu vya elimu: shule iliyopangiwa mkono

Kati ya vitabu vya elimu, kinachofaa kusomwa kwanza ni ripoti ya tume ya Phelps-Stokes. Tume hiyo, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na ripoti yake ikatoka mwaka 1925. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: afya, kilimo, kazi za mikono na maisha ya nyumbani. Ukiisoma haraka utaipenda. Ukiisoma ukiwa umesimama Kericho utauliza swali jingine: mazingira hayo yalikuwa yamefanywa na nani?

Kumbuka hali ya wakati huo. Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yaliushambulia upande wa Sotik, na mwaka huo huo wakawapiga Wanandi na kumwua Koitalel arap Samoei. Ardhi kubwa ya Wakipsigis ilitwaliwa ikapewa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia takriban ekari 25,000 za Kericho zilitengewa maofisa wa kijeshi waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, mpango ukafa, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Chai inataka mikono mingi. Basi, miaka ile ile ripoti inaposifu elimu ya mikono, mikono hiyo ilikuwa ikihitajiwa mashambani. Sisemi kwamba waandishi wa ripoti walikula njama na wenye chai. Nasema tu kwamba kitabu cha elimu hakisomeki vyema bila ramani ya ardhi kando yake.

Misheni nazo hazikuwa na sura moja. Mwaka 1935 wamisionari wa shirika ambalo sasa linajulikana kama World Gospel Mission walianza kazi Tenwek, mahali panapojulikana leo kwa hospitali yake. Wazee waliosomea shule za misheni na za serikali wakati huo watakueleza mambo mawili kwa pumzi moja: walinyimwa mengi, na walipata kusoma. Kitabu cha mmisionari kitakupa la pili pekee. Kitabu cha mwanasiasa mara nyingi kitakupa la kwanza pekee.

Hapa Uhuru wa Watumwa kinatufaa sana darasani. Mbotela alikuwa mwana wa jamii ya waliokombolewa utumwani na kuishi Freretown, karibu na Mombasa. Kitabu chake kinawasifu Waingereza na wamisionari kiasi cha kumkera msomaji wa baada ya uhuru, na wahakiki wamelitaja hilo mara nyingi. Hata hivyo mtahiniwa anayekisoma bila kujua kwamba ni cha mwaka 1934 atamlaumu mwandishi kana kwamba aliandika jana. Jiulize: mtu ambaye wazazi wake walitolewa jahazini na Mwingereza angeandika nini kumhusu Mwingereza huyo? Kumwelewa si kukubaliana naye. Uhakiki mzuri huanza kwa kumweka mwandishi katika wakati wake, kisha ndipo humhoji.

Vitabu vya sheria: kokwet juu ya karatasi

Sheria ndiyo yenye mambo mazito zaidi, kwa hiyo tutatua hapa kidogo.

Wakipsigis waliamua mashauri katika kokwet, baraza la watu wa mtaa mmoja. Mashauri yalisemwa. Ushahidi ulisemwa, methali zilitumika kama hoja, kiapo kilitamkwa mbele ya watu. Kwa maneno mengine, mahakama ilikuwa fasihi simulizi ikifanya kazi. Ukimfundisha mwanafunzi kuhusu viapo, maapizo na malumbano kama tanzu zilizokatwa moja moja, mwonyeshe kwamba katika kokwet zilikaa pamoja na zilikuwa na matokeo: mtu aliondoka na ng'ombe au bila ng'ombe.

Mwaka 1939 J. G. Peristiany alitoa kitabu chake The Social Institutions of the Kipsigis, ambacho kinaeleza marika, ndoa na sheria. Mwaka 1954 G. S. Snell akatoa kitabu kuhusu sheria za kimila za Wanandi, ambacho baadaye kilichapishwa upya Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Eugene Cotran alikusanya sheria za kimila za ndoa na urithi za jamii nyingi za Kenya. Kwenye pwani kazi ya namna hii ilikuwa imefanyika mapema zaidi: Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kina sehemu ya desturi za sheria, na kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mwandishi Mswahili, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Angalia jina lililo kwenye jalada, kisha uangalie ni nani aliyeandika maneno.

Vitabu hivi vyote vina thamani. Lakini jambo lililokuwa likisemwa, likibishaniwa na kubadilika, likiandikwa huganda. Hakimu akishika kitabu cha 1954 na kusema "mila ya watu hawa ni hii", mila inakuwa na umri wa kitabu. Tena sheria ya nchi imesonga. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, na Katiba ya mwaka 2010 ikaweka usawa wa jinsia juu ya mila. Mwanafunzi anayeandika insha kwamba "kwetu binti harithi" kwa kunukuu kitabu kilichochapwa upya amemnyima dada yake haki katika insha, na kesho anaweza kumnyima shambani. Ndiyo sababu nasema jambo hili si la alama za mtihani pekee.

Kisha kuna sheria ambayo vitabu vya mila huipita upesi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Walaibon, yaani ukoo wa Talai, katika nchi ya Wakipsigis. Viongozi wao walikuwa wamehamishwa tangu mwaka 1914. Sasa mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, walipelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, na wakakaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Hawakuhukumiwa katika kokwet. Walihukumiwa kwa kuzaliwa. Peristiany alikuwa akifanya utafiti wake miaka michache tu baada ya tukio hilo. Kwa hiyo unaposoma maelezo mazuri ya baraza la wazee na haki yake, kumbuka kwamba wakati wino ule ukikauka, ukoo mzima ulikuwa umeondolewa kwa karatasi ya gavana.

Jambo hili halijakwisha. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 wawakilishi wao walipeleka malalamiko katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika mashauri ya namna hii karatasi kuukuu huwa ushahidi. Sheria ya 1934, iliyoandikwa ili kuwanyamazisha watu, leo inawasaidia kusema.

Maswali manne ya kukiuliza kitabu kikongwe

Kutokana na hayo, napendekeza kila mwalimu na mtahiniwa akiulize kitabu maswali manne kabla ya kukinukuu.

1. Kilitoka lini kwa mara ya kwanza? Usitazame jalada. Tazama dibaji, tarehe ya mwisho inayotajwa ndani, na majina. Kitabu kinachosema "Lumbwa" na kisichojua neno "Kalenjin" huenda kiliandikwa kabla ya miaka ya 1940, wakati jina Kalenjin lilipoanza kuenea.

2. Nani alisema, na nani aliandika? Hollis alikuwa ofisa wa serikali. Waliomsimulia ngano na kumtegea vitendawili walikuwa watu walioshindwa vitani miaka michache kabla. Sauti zao zimo, majina yao hayako jaladani.

3. Aliandikiwa nani? Mfadhili wa misheni, gavana, chuo kikuu au mwanafunzi? Kila msikilizaji huvuta hadithi upande wake.

4. Nini kimeachwa? Hapa ndipo kitabu kimoja husomwa kando ya kingine, na kando ya mzee aliye hai.

Hitimisho

Nilimrudishia mwanafunzi wangu ripoti bila alama, nikamwambia akamsomee kogo wake ukurasa mmoja wa kile kitabu, kisha aandike anachosema. Bibi yule aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai utotoni. Aliposikia neno "Lumbwa" alimkatiza. Akasema hilo ndilo jina ambalo mnyapara alimwitia baba yake, na kwamba baba yake hakuitika kwa jina hilo hata siku moja alipokuwa nyumbani. Baada ya hapo alisikiliza ngano yote, akacheka, akasema mwisho wake umekatwa, akaumalizia.

Ripoti ya pili ilikuwa kurasa tano tu, lakini ilikuwa ya mwanafunzi mwenyewe. Kitabu kilitajwa humo pamoja na mwaka wake, 1909, na kogo akatajwa kwa jina kama fanani. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua kwamba ngano na mila zina wenyewe. Sheria hiyo itabaki maandishi tu ikiwa sisi walimu tutaendelea kuwatuma wanafunzi wakanunue, kwa fedha, hadithi ambazo bibi zao wangewapa bure.

Nunua kitabu kikongwe, mwalimu mwenzangu. Kisome. Halafu mpelekee mwenye hadithi, umsomee, ukae kimya.

Maswali ya marudio

1. "Kitabu kilichochapishwa upya si kitabu kipya." Jadili kauli hii ukirejelea vitabu vya imani na vya sheria vilivyotajwa katika makala.

2. Eleza jinsi baraza la kokwet linavyodhihirisha majukumu ya methali, viapo na malumbano katika jamii.

3. Ni makosa gani mtahiniwa anaweza kufanya akihakiki Uhuru wa Watumwa bila kuzingatia mwaka wake wa kuandikwa?

4. Chagua ngano moja iliyochapwa kutoka katika jamii yako. Msomee fanani wa umri wa miaka 60 au zaidi, kisha ueleze tofauti tatu kati ya toleo la kitabu na toleo lake.